Karanga za Mama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti mmoja alimwandalia mama yake, fundi cherehani, chakula cha mchana. Mama alikuwa mjamzito, na tangu usichana wake hakula nyama, samaki wala mayai. Muuguzi wa kliniki hakumgombeza. Alimpa vidonge, akamsisitizia maharage mazito, mboga za majani na kiganja kizima cha karanga kila siku.

Karanga hizo zikikaangwa, nyumba nzima ilinukia. Binti alianza kwa kuonja, akaendelea kwa kuchota, mwisho akawa anajaza mfuko wa sketi na kwenda kuwagawia wenzake shuleni. Wakampachika jina la Bi Karanga, naye akavimba kichwa. Hata maharage alijipakulia yeye kwanza, kisha akaongeza maji kwenye sufuria. Mama alikunywa mchuzi huo mwepesi akidhani akiba ya nyumbani inakaribia kwisha.

Jumamosi moja Mama alikuwa akishona sare za shule. Ghafla akashikwa na kizunguzungu, akaanguka kando ya cherehani. Binti na shangazi yake walimkokota hadi kliniki.

"Uzito haujapanda tangu ulipokuja mara ya mwisho," muuguzi alisema, uso ukiwa umekunjamana. "Na damu imepungua. Vidonge unameza?"

"Nameza, nesi. Na chakula ninakula."

Shangazi akadakia, "Chakula gani, wifi yangu? Majani kama mbuzi! Nimesema mpaka mdomo umechoka. Leo napitia buchani, na utakula mbele ya macho yangu."

Mama akainamisha kichwa. "Labda kweli nimekosea," alisema kwa sauti ndogo. "Labda ninamuumiza mtoto kwa ukaidi wangu."

Binti aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama alikuwa anabeba lawama isiyo yake, tena mbele ya watu.

"Si kosa la Mama," alisema, machozi yakimtangulia. "Karanga zake nimekula mimi. Nyingine nimegawa shuleni. Na maharage... nilikuwa naongeza maji."

Hapo Shangazi akasahau safari ya buchani.

"Basi tumepata ugonjwa wenyewe," muuguzi alisema. "Mama asiyekula nyama anaweza kulea mimba vizuri, na kunyonyesha pia. Ila ale maharage, karanga, mboga na matunda ya kutosha, na vidonge vya madini ya chuma na vya vitamini visikose. Chai isubiri kwanza, isiandamane na chakula, maana huzuia mwili kupata madini hayo ya chuma."

Njiani Mama hakumkaripia, na hilo lilimuumiza binti kuliko kofi. Shuleni aliwaambia wenzake kwamba karanga zile zilikuwa za wizi. Wengine walimcheka, wengine wakamnunia.

Mwezi uliofuata uzito wa Mama ulikuwa umepanda.

"Nani anakupikia?" muuguzi aliuliza.

"Huyu huyu," Mama alijibu kwa fahari.

Binti akatazama vidole vya miguu yake. Aliona hastahili sifa ile.

"Inua uso, mwanangu," Mama alimwambia. "Mimi ukinipunja, naweza kulalamika. Huyu aliye tumboni hana mdomo, anakula kile tu tunachomwachia. Ndiyo maana mpishi lazima awe mwaminifu hata akiwa jikoni peke yake."