Sukari ya Sonia

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sonia alilisikia la mkuu, akalitii neno kwa neno, na hapo ndipo nusura avunjike.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake baada ya masomo ilikuwa kuwa mdomo wa mama yake. Mama Godelieve aliuza dagaa na vitenge mtaani Rosettenville, ugenini. Kirundi na Kiswahili alivijua hadi mafumbo yake, lakini Kiingereza kilimpiga chenga. Kwa hiyo Sonia ndiye aliyemfasiria zahanati, benki na kwa mwenye nyumba. Muuguzi akifoka, Sonia alimwambia mama kwamba dada anaomba asubiri kidogo. Mama akimjibu mwenye nyumba kwa ukali, mwenye nyumba alipokea salamu. Gaël, mwanafunzi mwenzake, alijua mchezo huo, akambandika jina la Sukari.

Shuleni, darasa lao lilisomea kwenye ujia kando ya vyoo, kwa sababu chumba chao kipya kilikuwa kuta nne zisizo na paa. Ujenzi ulikwamia hapo tangu mwaka juzi. Sasa mjumbe wa bunge la jimbo, Mheshimiwa Lerato, alikuwa akizungukia shule kuwasikiliza wazazi kabla bajeti haijapangwa. Siku moja kabla ya ziara, mwalimu mkuu, Bwana Sipho, alimwita Sonia ofisini. Alimweleza kwa upole kwamba mgeni halishwi uchungu. Atakayesimama kusema Kiswahili, maneno yake yamfikie mgeni yakiwa matamu. Sonia akaona amepewa kazi aliyoiweza kuliko zote.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa. Mama Godelieve alisimama, akakaza kitenge kiunoni.

"Watu husema sisi wageni hatulipi kodi," alisema. "Kila kipande cha sabuni ninachonunua, kila kilo ya sukari, kodi imo ndani yake. Basi nauliza, paa la darasa la mwanangu liko wapi? Kama kuna aliyelila, atajwe. Kama hakuna, tuonyeshwe fedha zilikokwenda."

Sonia akamgeukia mgeni na kumwambia kwamba mama anamshukuru sana kwa kuja, na kwamba wazazi wameridhika na shule yao.

Wazazi waliojua lugha zote mbili wakakohoa. Gaël, aliyeketi mbele, akafunika uso kwa mikono. Mheshimiwa akatabasamu na kuandika. Kisha akasema amefurahi kusikia hivyo, na kwa kuwa hapa mambo ni mazuri, fungu la ujenzi la mwaka huu atapendekeza liende shule nyingine yenye shida zaidi.

Sonia akaelewa alichofanya. Mwaka mwingine mzima kando ya vyoo, kwa sababu ya ulimi wake. Na mama alikuwa bado amesimama, akimtazama kwa imani yote, akingoja jibu la swali lake. Imani ile ilimchoma kuliko kikohozi cha ukumbi mzima.

"Mheshimiwa, naomba radhi," Sonia alisema. "Mama hakusema hivyo. Nimekudanganya wewe, na yeye pia."

Akayarudia yote, sabuni, sukari na paa lililoliwa. Bwana Sipho akainuka kama mwanamume na kusema mtoto asilaumiwe, yeye ndiye aliyemwagiza.

Mheshimiwa akafuta alichokuwa ameandika.

"Dukani kodi haimuulizi mtu pasipoti," alisema, "basi hata darasa lisimuulize. Mwenye nacho alipe zaidi, mtoto apate anachohitaji, na sisi tuliokabidhiwa fedha tuulizwe. Kiongozi anayelishwa sukari tupu huoza meno."

Akaomba apelekwe kwenye zile kuta. Alizizunguka mara mbili, akaondoka na nakala za mkataba wa ujenzi. Ikajulikana kwamba mkandarasi alilipwa paa ambalo hakulileta kamwe. Akabanwa, akarudi kumaliza kazi.

Muhula uliofuata darasa lilifunguliwa. Eish, Gaël alisema, sasa atasoma bila kuziba pua. Bwana Sipho, mtu wa kupenda amani, aliwasogelea Sonia na mama yake. Alisema darasa limependeza, ila ingekuwa vyema pia Mama Sonia akiomba radhi kidogo kwa kuiaibisha shule mbele ya mgeni. Alisema hivyo huku akicheka, lakini alimaanisha.

Sonia akafasiri, wala hakupunguza neno.

Mama Godelieve akacheka pia, akamvuta binti yake kifuani.

"Mwanangu, neno la mtu ni amana, sawa na fedha ya kodi. Ukikabidhiwa, unaifikisha yote. Ukiimega, hata kwa mapenzi, umeiba. Wewe ulisema uongo ukaomba radhi, na ulifanya vyema. Mimi nilisema kweli."

Akamtazama mwalimu mkuu usoni.

"Mwambie namshukuru kwa kukusomesha. Na mwambie siombi radhi."