Mkwe wa Matonge Mawili

— Huyu muntu alishiba, alisema Tante Suzanne. Na haiko kwetu njo alishibia.

Aliyasema hayo jikoni, nyumbani kwa kaka yake hapa mtaani Panda, Jumapili baada ya ibada, akiwa ameshika sinia lililorudi karibu kama lilivyokwenda. Kuku mzima, samaki, sombe ya majani ya muhogo, na bukari, ugali wa kwetu, ya watu sita. Ndiyo siku ambayo upande wa binti humpikia mchumba, aone atakachokula maisha yake yote, na kwa ukoo huu desturi hiyo haina mzaha. Mkwe akibakisha kidogo, ana adabu. Akibakisha vyote, ametukana.

Rémy, mchumba mwenyewe, alikula matonge mawili, akanawa.

Sephora, binti anayeposwa, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mbabula, jiko la makaa, maana siku hiyo binti haonekani mpaka aitwe. Alisubiri machozi, hayakuja.

— Tante, pengine iko mugonjwa.

— Mugonjwa gani? Shofere wa kamiyo, kila juma siku tano mu foleni ya Kasumbalesa. Unazani nani anamupikiaka kule? Mwanaume akikosa njaa kwa bakwe, iko na sahani ingine fasi ingine.

Kupitia ukuta wa sebuleni ilisikika sauti ya Papa Étienne, kaka wa Tante na baba yake Sephora:

— Kesho dot yao inarudi. Yote.

Mahari ikirudishwa, hakuna ndoa. Miaka miwili ya uchumba ingeishia kwenye bahasha. Sephora alichukua simu akamwandikia Banza, dereva mwenzake Rémy; malori yao hufuatana kwenye foleni ile ile ya mpakani.

"Yaya Banza, niambie kweli. Rémy anakulaka kwa nani kule Kasumbalesa?"

Jibu halikuchelewa.

"Kwa nani? Ule hakulake. Patron anatupa franga ya chakula ya njia. Shiye tunakula, yeye anaweka yote. Maji ya sukari asubui, mukate moja mangaribi. Alianzaka tangu Papa yako alitaja dot. Tulikuwa tunamucheka, kisha tukaacha."

Halafu ukaingia ujumbe mwingine.

"Ijumaa alianguka pembeni ya kamiyo. Alisema nisikuambie."

Sephora alisimama, akaingia sebuleni bila kuitwa.

— Nani alikuita? aliuliza Papa Étienne.

— Hakuna muntu, Papa.

Akakaa mbele ya Rémy. Suti ilimning'inia mabegani. Alishangaa kwamba hakuwa ameliona hilo.

— Juu ya nini haukuniambia?

— Nikuambie nini? Mushahara inalipa nyumba na masomo ya badogo. Yenye ilibakia ni ya kukula. Nikasema ile njo itakuwa dot.

— Dot ilisha kuisha tangu juma mbili. Juu ya nini haukule sasa?

— Nilijaribu. Tumbo inakatala. Siisikie njaa tena.

Alipoendelea, sauti ilikuwa ile ile, ya mtu anayesoma vibao vya barabarani.

— Vintu mingi sivisikie. Leo asubui nilivaa kostime, nikajiuliza kama niko na furaha. Sikuone kintu.

— Hata minye?

— Hata weye, siku zingine. Nilikuwa naendelea tu juu nilisha kuanza.

Mwingine angempiga kofi. Sephora aliitikia kwa kichwa tu. Afadhali huu ukweli mkavu, alijisemea, kuliko ile "niko muzuri, chérie" ya kila jioni kwenye simu.

— Kwa hiyo hakuna mwanamuke? aliuliza Tante Suzanne mlangoni.

— Hakuna hata mukate, Tante.

Papa Étienne aliinamisha uso. Kiwango kile cha mahari alikitaja yeye mwenyewe mbele ya ndugu zake, ili wasiseme anagawa mtoto bure. Sasa aliona aibu, na haikufichika.

— Dot sirudishe, alisema. Lakini ndoa ya mwezi huyu, hapana. Kila mara ukitoka njia, unakuya hapa unakula. Kidogo kidogo. Siku chakula itakurudia, njo tutapanga tarehe.

— Na kama hairudi, Papa? aliuliza Rémy.

Sephora alikwenda kupika uji.

Rémy alikula vijiko vitatu. Safari iliyofuata, sita. Alikula kimya, akashukuru, akaondoka. Sephora naye alipika kimya, na kuna siku alijiuliza kama anampikia mume au mgeni.

Juma la saba Rémy alirudi kutoka Kakanda, akapewa bukari na maharagwe. Alitafuna, akasita, akakunja uso.

— Sephora, hii maragi iko na chumvi mingi.

Tante Suzanne alifungua mdomo kumgombeza, maana mkwe hakosoi chakula. Hakuwahi kusema neno. Sephora alikuwa ameshaanza kulia, analia na kucheka pamoja, na Papa Étienne alikuwa anauliza kwa simu ni Jumamosi gani kanisa liko wazi kwa harusi.