Kilichokaa Kwenye Rafu ya Che Som

Ukutani kasi ya mtandao mia tatu, ikipita kwenye ruta, mbili tu. Fundi Rosdi alipima mara ya nne na jibu likawa lilelile. Mtandao uliingia nyumbani mwa Zawiyah mzima wa afya, ukapita kwenye kile kiboksi cheusi cha rafuni, ukatokea upande wa pili hoi bin taabani.

"Dada Yah, kazi hii nina mwaka wa tisa," alisema fundi. "Waya nimebadilisha. Ruta hii ni ya tatu. Matundu yote nimejaribu. Sijawahi kuona kitu kama hiki."

"Usiniambie hujaona. Niambie saa nne itafanya kazi."

Saa nne asubuhi ndiyo hospitali ya Kuala Lumpur ilimruhusu kumwona bintiye, robo saa tu, kwenye kompyuta. Nurin, miaka saba, alikuwa chumba cha kutengwa, amewekewa uboho wa mtu mwingine, na mwili ulikuwa unaukataa. Zawiyah mwenyewe alitolewa wodini kwa sababu ya kikohozi. Jana picha iliganda, mtoto mdomo wazi katikati ya neno. Baadaye daktari alipiga simu ya mezani, maana ya mkononi haishiki kijijini, akasema kwa upole kwamba mama ajiandae. Zawiyah aliomba jambo moja tu: kama leo ndiyo mwisho, amwone uso.

"Nichomeke kompyuta ukutani basi, tuiruke hiyo ruta."

"Pale kinasoma kipimo changu tu, dada. Kompyuta haitapata kitu."

Rosdi akachomoa waya wa kompyuta aanze upya. Taa ya tundu lile ilipaswa kuzimika. Ikaendelea kupepesa, kijani, harakaharaka, na tundu liko tupu. Kisha wote wawili wakasikia kitu kikitafuna taratibu, kama mtu asiye na meno, na harufu ya chokaa na majani ya tambuu ikashuka kutoka rafuni.

"Dada," Rosdi alinong'ona. "Hapa palikuwa na nini zamani?"

"Kisanduku cha tambuu cha mama. Si wewe uliyetaka mahali pa juu, pakavu? Nikakitoa."

"Ukakiweka wapi?"

"Nilikitupa mtoni."

Rosdi akarudi nyuma hatua moja. "Che Som, yule mkunga? Mungu atustiri. Umemtupia mwenyewe chakula chake, na mimi nikaja kuweka ruta kwenye sahani yake."

Kijiji kizima kilijua Che Som alikuwa na jini wa kurithi, aliyempa mkono mwepesi wa kuzalisha na kumfikisha miaka tisini bila kuugua, na kila Alhamisi alimwekea wali wa manjano, yai na tambuu pale rafuni. Jini wa namna hiyo hamwachi mtu afe mpaka mmoja wa damu yake atamke kwa kinywa chake, nimepokea. Siku kumi na moja bibi wa watu alikata roho isikatike, mpaka wazee wakang'oa mabati mawili ya paa ili imtoke, na siku zote hizo alimshika Zawiyah mkono akimsihi, na Zawiyah akasema hapana mama, shirki hiyo siitaki, si kwangu wala kwa mwanangu. Alidhani jini amekwenda na mama yake.

"Yah," ilisema spika ya kompyuta, kwa sauti ya mama yake. "Yah, nina njaa. Sema umepokea."

"Sipokei." Zawiyah alimgeukia fundi. "Soma, Rosdi. Soma chochote."

Rosdi si ustadhi, ni fundi wa nyaya, lakini aliweka kiganja juu ya ruta akaanza Ayatul Kursiy, akakosea, akarudia, na kile kiboksi kikawa cha moto mpaka akauma midomo, na kutafuna kukaenda mbio ukutani, darini, chini ya sakafu, ndani ya masikio yao, na taa zikapepesa zote kwa pamoja, naye akasoma mara ya tatu kwa sauti ya kulia, ndipo taa ile ikazimika, pakawa kimya.

Akachomeka waya, akapima. Mia tatu.

Saa nne kamili picha ikaja, safi. Nurin alikuwa ameketi kitandani, anakula uji kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, hata sijui niseme nini," muuguzi alisema nyuma ya barakoa. "Dakika tano zilizopita alikuwa hafumbui macho. Homa imeshuka ghafla. Daktari mwenyewe kaduwaa."

"Mama," Nurin alisema. "Bibi Som amekuja. Anasema umemfukuza, hana pa kukaa. Akaniuliza kama nampokea."

Zawiyah aliisogelea skrini. "Ukamwambiaje?"

"Nimesema nimepokea. Alikuwa analia."

Rosdi akainama sikioni mwake. "Dada, jini hajashika mizizi. Nikisoma sasa hivi, mtoto akisikia, atatoka. Tumtoe mapema." Akavuta pumzi.

Zawiyah alimtazama mwanawe akiinua kijiko, akameza, akainua tena. Alimziba Rosdi mdomo kwa kiganja, akakandamiza kwa nguvu zake zote.

"Kula, mwanangu," alisema. "Na bibi naye mpe."