Abiria wa Kiti cha Kushoto

Shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, ni mtu wa maneno laini. Kazi yake ni kuagiza magari ya umeme ya kifahari yaliyokwisha kutumika, kuyatengeneza betri na viti, kisha kuyauza au kuyakodisha. Anaweza kukusifia gari mpaka ukaona haya kupanda la kwako. Mimi alinikodisha moja kwa mwaka mzima, na mwaka ukiisha ningelinunua nikipenda.

"Hili ni la familia, shemeji," aliniambia huku akilipapasa boneti. "Wewe siwezi kukupa bovu."

Siwezi kukupa bovu. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo, mkono unaniwasha nimzabe kofi.

Jioni ile nilikuwa nakwenda kumchukua mama yangu kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo. Mchana nabeba wageni wa hoteli. Jua likianza kuzama nageuka dereva wa mama. Magoti yake hayataki mtikisiko, na gari lile lilikuwa linateleza tu, halina ngurumo wala kishindo. Mama alilipenda. Hukaa nyuma, upande wa kulia, mkoba mapajani, na hujiita waziri asiye na wizara.

Kero ilikuwa moja. Kiti cha nyuma cha kushoto.

Hakuna mtu aliyekikalia, lakini tangu nilichukue gari lilikuwa linalia, tii, tii, tii, na kwenye skrini kinawaka kile kijitu chekundu kisichofunga mkanda. Wageni walikereka. Nikalirudisha gereji kwa shemeji. Fundi wake wa umeme akabadilisha kidude kinachopima uzito chini ya kiti. Likalia. Akabadilisha na nyaya zake. Likalia. Mwisho akajifuta mikono kwa kitambaa, akasema bila kunitazama, "Dada, sensa ni nzima. Kiti kinasema kina mtu."

Nikampigia shemeji, nikamwakia. Akacheka.

"Usiumize kichwa, shemeji. Uchomeke tu ule mkanda, litanyamaza. Madereva wote wanafanya hivyo." Kisha sauti yake ikashuka. "Ila uchomeke mwenyewe, kwa mkono wako. Fundi asiguse."

Nikadhani anaogopa fundi ataharibu kitu kingine. Nikainama, nikauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, nikauchomeka.

Ka.

Gari likanyamaza. Nikajiona mjanja.

Baada ya hapo nilianza kuona vijimambo. Kila mgeni alikaa kulia. Hata mkoba hakuna aliyeuweka pale kushoto, na ukiwauliza hawana sababu. Halafu ikaja harufu ya mafuta ya mchaichai. Hiyo haikunishtua, kwa sababu niliijua. Mama mkwe wangu alikuwa kitandani tangu mwaka uliopita. Jioni moja walimrudisha nyumbani macho wazi, anapumua, lakini haongei wala hamjui mtu, na madaktari wakaishia kutikisa vichwa. Kila Jumapili ni mimi niliyekwenda kumchua miguu kwa mafuta hayo. Mimi, si wanawe. Nikasema harufu imeng'ang'ania mikononi mwangu.

Basi jioni ile mama akapanda, akajifunga mkanda wake, tukaondoka. Barabara ilikuwa imejaa magari, tunakwenda mwendo wa konokono. Nikasikia ananong'ona. Wiki nzima nilikuwa nikimsikia na kudhani anasali. Nikazima redio.

"Ndiyo, mwenzangu... hata mimi magoti... pole sana..."

"Mama. Unaongea na nani?"

"Na mwenzangu hapa."

"Hapo hakuna mtu."

"Tazama barabara wewe," akanong'ona. "Usimdhalilishe mtu, anasikia."

Nikatazama kioo cha juu. Kiti kilikuwa kitupu, mkanda umekivuka vile vile nilivyouacha. Lakini dirisha la kushoto lilikuwa na ukungu. Kwa ndani. Doa moja, usawa wa uso wa mtu aliyekaa.

Ukungu ule ukafifia... ukarudi... ukafifia... ukarudi.

Mtu anapumua.

"Anasemaje, mama?"

"Anaomba tubadilishane viti. Kwake kunabana. Ameomba wiki nzima, maskini, kwa adabu. Na sauti yake naijua, sema imekauka mpaka umsogelee ndipo usikie, sijui nimeisikia wapi."

Lazima mumjue mama yangu. Ni mtu wa kupisha watu. Kwenye foleni ya hospitali huwapisha hata vijana wenye afya zao, yeye akabaki amesimama na fimbo. Tumegombana naye miaka kwa hilo.

"Mama, nisikilize. Usimpishe."

"Mara moja tu anyooshe mgongo. Kwani nitapungukiwa nini?"

"Mama, nimesema usimpishe."

Nyuma yangu kulikuwa na lori, mbele basi, ubavuni msururu wa magari. Nikasikia mkanda wake ukifunguka. Nikasikia nguo zake zikisugua ngozi ya kiti, anajisogeza kushoto taratibu, anaguna kwa magoti yake. Akauchomoa ule mkanda mwingine, akaupitisha kifuani.

"Haya, mwenzangu, nyoosha..."

Ka.

Hakumaliza.

Nililipandisha gari ukingoni mwa barabara, honi zinanililia, nikaruka, nikafungua mlango wa nyuma. Mama alikuwa amekaa wima kushoto. Macho wazi. Nikamwita. Nikamtikisa bega, nikampapasa mashavu. Yalikuwa na joto. Alikuwa anapumua. Lakini alinitazama kama anayetazama ukuta, na mtazamo huo niliujua, kwa sababu ndio uliokuwa ukinitazama kila Jumapili nikimchua mama mkwe miguu.

Simu ikaita. Alikuwa mume wangu, kutoka kwao, analia kwa furaha.

"Mama ameamka. Ameongea, ameomba maji. Njoo haraka." Nyuma yake nilimsikia shemeji akimshukuru Mungu.

Nikakata simu. Na hapo, ndani ya gari, midomo ya mama ikiwa imefungwa kabisa, nikasikia sauti yake.

"Mwanangu... mbona kunabana hivi?"

Sikulia. Nataka hilo lijulikane. Kilichonishika kilikuwa hasira, na ni hiyo iliyoshika usukani mpaka nyumbani kwa wakwe zangu. Njia nzima mama aliniuliza kama tumefika. Nilimjibu kila alipouliza.

Nililiegesha gari uani, hatua chache kutoka barazani, madirisha wazi ili asikose hewa. Ndani, chumba cha mama mkwe kilikuwa kimejaa vicheko. Amekaa kitandani, ameegemea mito, kikombe mkononi. Alivyoniona tu, akageuzia uso ukutani. Nikapiga magoti kando yake kama nilivyozoea, ila safari hii sikushika mguu.

"Shikamoo, mama."

"Nisamehe," akanong'ona. Sauti ilikuwa imekauka. "Niliomba kwa adabu. Na mimi niliombwa vile vile."

"Na nani?"

"Sikumjua. Shemeji yako alikuja kunitembeza kwenye gari hilo hilo, siku alipolileta. Mtu akaomba nafasi. Nikampisha. Tangu hapo nilikuwa nimekishikilia kiti tu, nalia na hakuna kinachosikika ila kile king'ora. Uliponifunga mkanda ndipo nikapata sauti. Dereva akishaufunga ule mkanda kwa mkono wake, yeyote aliye kwenye kile kiti husikika."

Nikasimama. Shemeji alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni, amejifanya anatafuta simu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Shemeji, tuongee nje..."

"Ulijua nani yuko kwenye kile kiti, ukanituma nimfunge mkanda kwa mkono wangu. Ukajua kila jioni nambeba nani."

"Tufanyeje sasa?" Yale maneno yake laini yalikuwa yamemwisha. "Ni mama yetu yule, shemeji."

"Na yule aliye kwenye gari ni mama wa nani?"

Nikamgeukia mume wangu. Nilimtaka ang'ake, amkamate ndugu yake shingo, aulize tunaongea habari gani. Nilimpa nafasi. Naapa nilimpa nafasi.

Alikuwa anatazama sakafu.

Ndipo nikakumbuka ni nani aliyesema tusihangaike na teksi, mama yako astarehe, mkalishe nyuma. Na miye nilimsifu kwa watu kwamba nimepata mume anayempenda mama mkwe wake.

Nilitoka. Nikafungua mlango wa kulia wa gari, ule wa upande alipozoea kukaa mama, nikauacha wazi. Kiti chake kilikuwa bado kina kibonyeo. Nikarudi barazani, nao walikuwa wametoka wote, wamesimama mlangoni kama watu waliofukuzwa. Mama mkwe peke yake ndiye aliyebaki ndani, na nilisikia akivuta komeo la chumba.

"Nataka mmoja wenu akakae na mama yangu," nikasema. "Sijali nani."

Hakuna aliyesogea. Giza lilikuwa linaingia na taa ya ndani ya gari ilimwangaza mama, wima, mkanda kifuani. Harufu ya mchaichai ilikuwa imeondoka kabisa. Sasa palinukia sabuni yake ya kufulia.

Kisha tukamsikia. Wote tulimsikia.

"Samahani jamani..." Polepole, kwa adabu yake ile ile. "Kuna anayeweza kunipisha kidogo?"

Shemeji alikimbia. Alikimbilia geti, kiatu kimoja kikambaki uani, wala hakugeuka. Mume wangu aliziba masikio.

"Samahani... hata kidogo tu..."

Nikamshika mume wangu mkono. Ulikuwa umelowa jasho. Nikauondoa kwenye sikio lake, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Twende," nikamwambia. "Mama mkwe wako anakuita."