Shimo la Mbele ya Kioski

Kila asubuhi Wayua aliwasha jiko mapema. Kioski chake kilikuwa kando ya barabara, karibu na mtaa wa Tena, Nairobi. Aliuza chai, maandazi na githeri. Wanaume waliokwenda viwandani walisimama hapo, wakanywa chai harakaharaka, wakaenda zao.

Mumewe, Kisilu, alikuwa nyapara katika idara ya barabara. Alikuwa na vijana wachache wa kazi, lori moja, na sauti kubwa. Wateja wa Wayua walipenda kumtania.

"Nyapara, shimo lako linakua," walimwambia. "Litaanza shule lini?"

Shimo hilo lilikuwa katikati ya barabara, mbele kabisa ya kioski. Tangu mvua za mwaka wa 1985 zianze, Kisilu alikuwa amelijaza tena na tena. Lori lilileta changarawe. Vijana waliimwaga ndani ya maji, wakaipigapiga kwa sepetu, wakapanda lori. Mvua ikinyesha usiku, kufikia asubuhi changarawe imeondoka na shimo limezidi kuwa kubwa.

"Si makosa yangu," Kisilu alisema kila mara. "Idara haitupi lami. Nipeni lami muone kazi."

Haya! Maneno kama hayo nimeyasikia mpaka nimechoka. Nyapara analaumu idara, idara inalaumu mvua, na mvua haina wa kumlaumu. Wanaotoa kodi wanabaki kuruka madimbwi.

Jirani mmoja wa Kisilu aliitwa Masinde. Alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Kwao ni Kakamega. Mama yake mzazi aliishi naye, na alimpenda sana Kisilu. Alimwita "mwanangu".

Mwezi wa nne mama huyo alifariki. Jeneza lililetwa nyumbani, watu wakaomba na kuimba. Kisha liliwekwa kwenye pikapu lipelekwe barabara kuu, ambako basi la kwenda Kakamega lilikuwa likingoja.

Pikapu ilifika mbele ya kioski, gurudumu likazama. Dereva alijaribu kwenda mbele, akajaribu kurudi nyuma. Wapi! Tope liliruka mpaka kwenye nguo za waombolezaji.

"Tulibebe," wanaume walisema.

Walilishusha jeneza na kuliweka mabegani. Kisilu alishika pembe ya mbele. Alipiga hatua moja, ya pili, kisha akakanyaga changarawe aliyoimwaga yeye mwenyewe wiki ile. Mguu ulizama mpaka gotini. Alianguka. Pembe ya jeneza ikagonga tope.

Wanawake walipiga mayowe. Masinde hakupiga kelele. Alipiga magoti, akavua koti lake jeusi, akalipangusa jeneza la mama yake. Alilipangusa polepole mpaka likawa safi. Hakumtazama Kisilu hata mara moja.

"Huyu si ndiye nyapara wa barabara?" mtu mmoja aliuliza kwa sauti.

"Ndiye huyo. Muulize changarawe yake imekwenda wapi."

Siku hiyo Kisilu alikataa chakula.

"Baba Kanyiva, kula hata kidogo," Wayua alimsihi.

"Nitakulaje, Wayua? Nimemwangusha mama wa watu kwenye tope! Mama aliyeniita mwanawe!"

Masinde aliporudi kutoka Kakamega, Kisilu alikwenda kumpa pole. Masinde alisimama mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

"Asante," alisema. "Tumemzika." Kisha akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hakunywa tena chai kwa Wayua. Akikaribia kioski, alivuka akapita upande wa pili. Jambo hilo lilimuumiza Kisilu kuliko matusi. Alitaka kitu kimoja tu: jirani yake amsalimie tena.

Alimwendea Ngui. Huyu alikuwa dereva wa greda katika idara hiyohiyo, mtu wa mzaha lakini anayeijua kazi.

"Ngui, nisaidie," Kisilu alisema. "Nataka kuliziba lile shimo lisifunguke tena. Nitafutie lami."

"Ngoja kwanza," Ngui alijibu. "Mvua ikinyesha, wewe na vijana wako huwa wapi?"

"Chini ya lori. Ama kwa mke wangu, tunakunywa chai. Nani anafanya kazi kwenye mvua?"

Ngui alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi wewe bwana hujawahi kuiona barabara yako! Barabara hukaguliwa mvua ikinyesha. Jua likiwaka unaona shimo tu. Mvua ikinyesha unamwona anayelichimba."

"Nani?"

"Maji, ndugu yangu! Maji yakikosa njia, yanapanda barabarani. Yakilala hapo, udongo unalainika, magari yanaupondaponda. Jumamosi mvua ikianza nitakuja. Usijifiche!"

Jumamosi alasiri mvua ilinyesha kweli. Kisilu na Ngui walijifunika magunia kichwani, wakatembea kando ya barabara. Wateja waliojibanza chini ya bati la kioski waliwacheka.

"Hawa wamerukwa na akili!"

Ngui hakujali. Alianzia juu, kwenye mwinuko. "Unaona? Huku maji yanapita vizuri ndani ya mtaro. Barabara ni nzima. Tuyafuate."

Waliyafuata maji. Yaliteremka kwa kasi mpaka kwenye kioski cha Wayua. Hapo yalisimama. Yakajikusanya, yakapinda, yakapanda barabarani, yakaingia shimoni.

"Huyo hapo mchimbaji!" Ngui alisema. "Mtaro umefungwa hapa. Ona rundo hili. Nani ameuziba?"

Wayua alikuwa ameshika birika. Alimtazama mumewe, kisha akatazama chini.

Kisilu alijua. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame. Watu walipanga foleni kununua unga wa mahindi ya njano. Mtaro ulikuwa mkavu kabisa. Wayua alipofungua kioski, wateja walilalamika kwamba wanaruka mtaro. Basi Kisilu alimwambia dereva wa lori amwage changarawe ya idara ndani ya mtaro. Lori zima. Wateja wakapata njia, mke akafurahi, na yeye akasahau.

"Nimeuliza, nani ameuziba?" Ngui alirudia.

Wakati huo Masinde alikuwa akitoka kazini. Alisimama upande wa pili wa barabara, mvua ikimnyeshea. Kisilu alimwona. Angeweza kusema ni watoto. Angeweza kusema ni takataka za mtaa. Nani angemjua?

"Ni mimi," alisema.

"Sema watu wasikie. Mvua inapiga bati."

"Ni mimi niliyeuziba!" Kisilu alisema kwa sauti. "Kwa changarawe ya idara. Nilimtengenezea mke wangu njia ya wateja."

Hakuna aliyecheka tena.

"Lo!" mwanamke mmoja alisema. "Kumbe mkono mmoja unachimba na mwingine unajaza!"

"Na wote kwa kodi yetu," mwanamume mmoja aliongeza. "Mshahara wangu unakatwa kila mwezi. Kumbe ndio huu unaosombwa na maji!"

Kisilu alishindwa kuinua uso. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto. Alipotazama ng'ambo, Masinde alikuwa ameondoka.

"Changarawe yote uliyomwaga hapa ingetengeneza ile barabara ya zahanati," Ngui alimwambia, sasa bila mzaha. "Akina mama wajawazito wanapita kwenye matope kule, wakati sisi tunajaza shimo lilelile. Hiyo ni pesa ya watu, Kisilu."

"Nimeelewa. Nifanye nini?"

"Anza na maji, halafu shimo. Zibua mtaro wote. Chini ya njia ya kuvukia tia kalvati, lile bomba la saruji, ili maji yapite. Baada ya hapo toa maji na tope lote shimoni. Kata kingo zake mpaka ufike kwenye udongo mgumu. Liache likauke. Tia kokoto kidogo, shindilia. Tia tena, shindilia tena. Juu paache pawe na mgongo kidogo, maji yateleze kwenda mtaroni. Hapo ndipo uombe lami. Ukimwaga changarawe ndani ya maji, bwana, unapika uji!"

"Na kioski changu?" Wayua aliuliza kwa hofu. "Watoto watakula nini?"

"Mama Kanyiva, kirudi nyuma kidogo, mtaro uzibuliwe," Ngui alisema. "Mwenye njaa atakufuata hapo."

Jumatatu Kisilu aliingia ofisini kwa mkubwa wake, akaeleza yote mwenyewe. Alikaripiwa vikali mbele ya vijana wake. Alipewa onyo, na kalvati akalinunua kwa mshahara wake. Hakubisha. Kwa aibu aliyokuwa nayo, hata kukaripiwa aliona ni kidogo.

Walifanya kazi ile kwa siku nne. Vijana walizoea kumaliza shimo kabla chai haijapoa, kwa hiyo walinung'unika.

"Mzee, tumwage tu twende," mmoja wao alisema.

"Tukimwaga tu, tutarudi," Kisilu alijibu. "Tutarudi, na tutarudi tena. Shindilia."

Kuanzia wakati huo alibadilisha utaratibu wa kazi. Mvua ikianza, hakuna kujificha chini ya lori. Walivaa magunia, wakatembea kando ya mitaro, wakatazama maji yanakwama wapi. Palipokwama, walizibua hapohapo kwa sepetu na jembe. Kazi ya dakika chache ilizuia shimo ambalo lingekula malori ya changarawe. Wiki mbili baadaye lori lao lilikuwa kwenye barabara ya zahanati, kwa sababu halikuhitajika tena mbele ya kioski.

Na watu wa mtaa? Wao pia walijifunza. Kabla ya hapo walimwaga jivu na maganda mtaroni, wakisema serikali itazoa. Sasa anayemwaga alikaripiwa na jirani zake.

Mwishoni mwa mwezi wa tano mvua kubwa ilinyesha tangu asubuhi. Maji yalijaa mtaroni, yakapita ndani ya kalvati kwa mngurumo, yakaenda zake. Barabarani hapakuwa hata na dimbwi. Magari yalipita bila kupunguza mwendo. Watu walitoka nje kutazama.

Kisilu alikuwa mtaroni, akitoa majani kwa sepetu. Alisikia hatua za mtu barabarani, juu yake. Alikuwa ni Masinde.

Masinde alisimama mahali palipokuwa na shimo. Alipakanyaga kwa kisigino mara kadhaa.

"Imeshika," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Kisilu tangu alipomfungia mlango.

"Imeshika, ndugu yangu," Kisilu alijibu.

"Ni barabara nzuri, Kisilu." "Lakini mama alipita ile ya tope."

Masinde alivuka mtaro, akaketi kioskini, akamwomba Wayua chai. Kisilu aliinamia kazi yake, akaendelea kuzoa majani, na hakuinua kichwa mpaka jirani yake alipomaliza kikombe na kwenda nyumbani.