Pikipiki ya Mkate na Oili ya Gari

Hutaamini, lakini kuna pikipiki ilishindwa kupanda mlima kwa sababu ilitiwa oili nzuri. Nzuri kabisa, na ya bei. Tulia nikusimulie.

Kuna fundi cherehani mmoja. Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye kiti chake, anatia cherehani matone matatu ya mafuta. "Kinachoteleza hakichakai," ndiyo kauli yake. Hata bawaba za mlango wa choo anazitilia.

Mkewe wanamwita Mama Mkate. Ana pikipiki yenye kreti mbili nyuma. Kila siku anapeleka mikate hospitalini, juu mlimani, kabla ya saa moja asubuhi.

Jumapili moja, mke akiwa anafua, fundi cherehani akachungulia oili ya pikipiki. Nyeusi kama masizi. Akaona huruma. Akaenda dukani, akachagua kopo la bei kuliko yote, lenye picha ya gari. Akasugua tone moja kati ya vidole viwili, kama anavyopima kitambaa. Laini kama hariri.

Akamwaga ya zamani, akatia mpya. Kopo akalificha chini ya meza ya kukatia nguo. Alitaka mkewe ashangae mwenyewe.

Na kweli alishangaa. Jumatatu alifika amechelewa, hajui kwa nini. Jumanne, katikati ya mlima, injini ikanguruma lakini gurudumu likawa zito. Akiongeza moto, kelele zinazidi, mwendo uleule. Akampigia mumewe, naye akaja mbio, futi kamba bado shingoni.

"Sukuma, baba watoto. Hiyo si pasi."

"Si nasukuma?"

"Unaegemea."

Walipofika, mtunza stoo wa hospitali alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Mama, jana na leo. Kesho ukichelewa, kazi nampa mwingine. Wagonjwa hawamezi dawa na tumbo tupu."

Wakateremka moja kwa moja hadi kwa fundi wa pikipiki. Akaijaribu, akatikisa kichwa. "Klachi inateleza. Inabidi nifungue injini. Siku tatu."

"Siku tatu? Kesho nibebe mikate kichwani?"

Fundi cherehani akaangalia viatu vyake. Akalikumbuka lile kopo chini ya meza. Aseme, aonekane mjinga mbele za watu? Fundi wa pikipiki akashika spana.

"Ngoja kwanza," fundi cherehani akasema kwa sauti ndogo. "Juzi nilibadilisha oili."

Mkewe akageuka taratibu. "Wewe? Kwa sindano namba ngapi?"

Kopo likaletwa. Fundi wa pikipiki akalisoma. "Oili ni nzuri. Ila ni ya gari."

"Si oili ni oili tu?"

"Na nguo ni nguo tu? Utamshonea daktari shela la harusi aingie nalo wodini? Sikia, bwana. Oili inachanganywa na dawa kiwandani. Kuna dawa ya kusafisha injini. Hiyo inabeba uchafu, ndiyo maana oili inakuwa nyeusi. Weusi peke yake si ubovu. Kubadilisha, fuata kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kuna dawa ya kuzuia vyuma visisagane, na ya kuzuia kutu."

"Na hii ya gari?"

"Oili nyingi za gari zina dawa ya kuongeza utelezi. Gari halina shida, klachi yake kwa kawaida haiguswi na oili ya injini. Pikipiki kama hii, klachi inaogelea humohumo. Klachi ni sahani zinazobanana ili nguvu ifike kwenye gurudumu. Ukizipaka utelezi, zitabananaje?"

Fundi cherehani akasema, "Kama mkanda wa cherehani. Vyuma natia mafuta. Mkanda ukigusa mafuta, miguu inakanyaga lakini sindano imelala."

"Kumbe ulikuwa unajua," mkewe akasema. "Uliiacha akili chini ya meza, na kopo."

Fundi wa pikipiki akamwonyesha kopo jingine. Mama Mkate akasoma herufi moja moja: JASO MA. Hiyo ni alama ya oili inayofaa klachi ya namna hii. Namba za uzito wa oili nazo zikalingana na za kwenye kitabu.

"Niongeze na chupa ya dawa, zile zinazouzwa barabarani?" akauliza mumewe.

"Usiongeze kitu. Oili imekuja na dawa zake."

Wakamwaga ile ya gari, wakatia mpya, wakazungusha pikipiki mitaani, wakamwaga tena kuondoa utelezi uliobaki, wakatia tena. "Kama sahani hazijaungua, itapona," fundi wa pikipiki akasema.

Kesho yake pikipiki ilipanda mlima bila kunung'unika. Saa moja kasoro dakika kumi, mtunza stoo alikuwa bado anatafuta funguo.

Siku hizi kitabu cha pikipiki kinaning'inia ukutani, kando ya futi kamba.

Ila rudi pale gereji kidogo. Spana imeshashikwa, mkeo anakutazama, na kopo umelificha mwenyewe. Ungekuwa wewe, ungesema, au ungeacha injini ifunguliwe?