Hesabu ya Ishirini

Kila alfajiri kazi yangu ilikuwa moja: kumfungulia ndama. Ukungu ulikuwa ungali umelala juu ya mashamba ya mpunga, minazi imezama humo hadi kiunoni, nami natembea kwenda zizini na macho mazito, sijui kama nimeamka au bado naota. Ndama alinyonya kwanza, maana bila yeye ng'ombe wetu Nandini hakuteremsha maziwa. Mimi nilihesabu, kisha nikamvuta ndama na kumfunga kando. Baba alikuja na chungu chake kutoka bwawani alikokiosha, akakama.

Hesabu yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Ndama jike, mia moja. Ndama dume, ishirini. Nilifundishwa hivyo nikiwa na miaka saba, kama nilivyofundishwa kunawa mikono, wala sikuuliza kwa nini. Nyumbani kwetu, kusini mwa Kerala, kumuua ng'ombe kulikuwa dhambi ambayo hata kuitaja watu waliogopa.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, Nandini alizaa dume jekundu lenye doa jeupe puani. Nikamwita Kuttan, nikampenda kupita kiasi. Wiki ya tatu mbavu zake zikaanza kuonekana.

Wiki hiyohiyo alikuja Dada Vasanti, mwanafunzi wa chuo kikuu, na baiskeli ya kuazima na daftari nene. Baba alimkaribisha chai barazani.

"Baba, kijiji hiki kina majike mengi kuliko madume," alisema Dada Vasanti. "Madume huenda wapi?"

"Hufa," Baba akajibu. "Dume ni dhaifu tangu kuzaliwa. Mungu ndivyo alivyopanga."

"Hakuna anayewaua?"

Baba aliweka kikombe chini. "Binti, unakunywa chai yangu halafu unanitukana? Mkono huu haujawahi kuua ndama!"

"Samahani, Baba. Kazi yangu ni kuuliza."

Alipokuwa akiondoka nilimsindikiza hadi barabarani. Alinionyesha daftari lake. Kila ukurasa ulikuwa na mstari katikati.

"Huku naandika watu wanasema nini, na huku wanafanya nini," alisema. "Waliotutawala waliandika kwamba sisi ni wajinga, tuna njaa na ng'ombe wanazurura tu. Wengine wakajibu kwamba ni dini, basi, hakuna la kuulizwa. Siku hizi kuna wataalamu wanaosema, ngojeni kwanza. Tazameni watu wanalima nini, wanakula nini, mvua inanyesha vipi. Huenda mila imeota humo. Wenzao wanawacheka, wanawaita wataalamu wa tumbo."

"Na wewe ni wa tumbo?"

"Mimi bado nahesabu ng'ombe," akasema huku akicheka. "Wewe alfajiri unafanya nini?"

Nikamweleza. Kalamu yake ikasimama. "Ishirini?" aliuliza, akaliandika upande wa wanayofanya watu.

Neno lile lilinifuata kutwa nzima kama nzi. Kesho yake nilihesabu hadi mia, polepole, Kuttan akinyonya na mkia wake ukicheza ndani ya ukungu. Nilijisikia mwepesi, kama ninayeelea.

Baba alichungulia chungu, maziwa hayakufika nusu. "Omana, umehesabu ngapi?"

"Ishirini, Baba."

Uongo ulitoka laini kama samli. Nikaurudia kesho yake, na siku zilizofuata. Bibi Kalyani, mama yake Baba, alimfunga Nandini hirizi ya kijicho. Baba alichemsha majani machungu, akammiminia kooni kwa mwanzi. Nandini alikohoa, akayageuzia mgongo yale majani ya mpunga aliyokuwa akiyapenda. Siku ya sita hakula kabisa.

"Kesho namwita fundi amchome kwa chuma cha moto," Baba alisema. "Labda ugonjwa utatoka."

Jioni ile sote tulikuwa barazani, Bibi akikuna nazi, Dada Vasanti, aliyekuwa amerudi na maswali yake, akiandika. Nilitazama lile daftari lenye mstari katikati, nikamwendea Baba.

"Usimchome, Baba! Hana ugonjwa. Nilikuwa nahesabu mia."

Baba alisimama. "Mwongo mkubwa we! Siku sita namnywesha dawa mnyama mzima!" Aliinua mkono.

"Kuttan angekufa!" nililia. "Kama yule wa mwaka juzi! Ishirini haimtoshi!"

"Ishirini ndiyo hesabu ya dume. Baba yangu alinifundisha."

"Na ya jike?" Dada Vasanti aliuliza taratibu.

Mkono wa Baba ulishuka wenyewe.

Bibi aliacha kukuna nazi. "Sema, Madhavan, mwanangu. Hukuua. Ulihesabu. Na mimi nilihesabu kabla yako." Akamgeukia mgeni. "Mimi nimezaliwa Palakkad, kwenye mashamba makavu mapana yanayolimwa kwa maksai. Kule dume tulimhesabia mia, jike ndiye wa ishirini. Nilipoolewa huku, kwenye vishamba vya maji vya kulima kwa jembe, mama mkwe akanigeuzia hesabu. Nikaigeuza tu, sikufikiri."

"Kwani Mungu wa kule alipanga kinyume?" niliuliza.

Bibi akaanza kucheka. Baba naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa na machozi. Aliyafuta, akasema Kuttan atanyonya ashibe, hata kama chai yetu itakuwa ya rangi, na akikua atapelekwa kwa mjomba Palakkad anakohitajika.

"Binti," alimwambia Dada Vasanti, "andika pande zote mbili. Andika kwamba Madhavan amekiri mwenyewe."

Kisha akanivuta karibu. "Ulichokiona kilikuwa kweli, mwanangu, lakini ulikifunika kwa uongo, na Nandini ndiye aliyeteseka. Mimi nami mkono wangu ulifanya, mdomo wangu ukakataa kujua. Tangu leo, katika nyumba hii, mdomo useme kile mkono unachofanya."

Alfajiri iliyofuata Baba alikuja nami zizini. Nandini alikuwa akitafuna majani yake. "Hesabu kwa sauti," Baba aliniambia.

Nikahesabu, sauti yangu ikipotelea ukunguni. Nilipofika ishirini, mkono wangu ulishika kamba wenyewe, kwa mazoea. Baba aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Endelea," alisema.

"Ishirini na moja," nikasema.